Uzi: Kugeuza taka za chakula na vinywaji kuwa nishati jadidifu, tuanze na taka yenyewe kabla ya mtambo

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu. Mijadala mingi kuhusu kugeuza mabaki ya chakula na vinywaji kuwa nishati huanza na mtambo: mtu ameuona ukifanya kazi, ameridhishwa na maelezo ya muuzaji, kisha ndipo anaanza kutafuta cha kuulisha. Naleta uzi huu kutetea mpangilio ulio kinyume, yaani kuijua kwanza taka iliyopo, kiasi chake, unyevu wake na kilichomo ndani yake, halafu kuiacha taka hiyo ndiyo iamue njia ya kufuata. Mafuta yaliyokwisha kukaangia, soda iliyopitwa na muda, machicha ya nafaka yanayobaki baada ya kutengeneza bia, na makombo ya mezani yaliyochanganyika na maganda, vyote huitwa taka za chakula. Kikemia vimeachana mbali sana, na anayevimimina vyote katika tangi moja bila kupima hulipia uamuzi huo kwa miezi mingi ya gesi hafifu.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa, kiasi kilicho sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji, na kwamba asilimia 60 ya taka hiyo ilitoka majumbani. Sehemu kubwa huishia dampo, ambako hufunikwa na taka nyingine, hukosa hewa, na kuanza kutoa methani. Gesi hiyo, kwa uzito ule ule, hulipasha joto anga mara 27 hivi kuliko kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo ni vema tuelewe tangu mwanzo kwamba nishati iliyomo kwenye makombo itatoka tu, tupende tusipende. Tunachoweza kuamua ni kama itatokea mahali tunapoweza kuikinga na kuitumia, au itapaa bure na kutudhuru.

Nianze na mafuta yaliyokaangia, kwa kuwa njia yake ndiyo rahisi kueleza. Mafuta ya kupikia ni gliserini iliyoshikana na minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Yakichanganywa na methanoli pamoja na kichocheo cha alkali, katika joto la nyuzi 60 hivi, minyororo huachana na gliserini na kushikana na methanoli, na hiyo ndiyo biodizeli. Kilo 100 za mafuta hutumia takriban kilo 11 za methanoli, ingawa mafundi huweka zaidi ili mmenyuko ufike mwisho, na matokeo yake ni biodizeli inayokaribia kilo 100 pamoja na gliserini ya kilo 10 hivi. Wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mimea si geni hata kidogo: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo mafuta ghafi ni mazito mno kwa injini za siku hizi, huziba nozeli na kuacha masizi, na ndiyo sababu tunasumbuka kuyabadilisha kwanza.

Ugumu hutokana na historia ya mafuta hayo jikoni. Kila yanapokaangia chakula chenye maji, sehemu yake huvunjika na kuacha asidi huru, na asidi hizo zikikutana na alkali hutengeneza sabuni badala ya biodizeli. Kwa sababu hiyo fundi makini hapimi kichocheo kwa mazoea. Huchukua mililita moja ya mafuta, huiyeyusha katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili, hutia matone machache ya fenolftaleini, kemikali inayoonyesha alkali kwa rangi, kisha hudondoshea maji yenye gramu moja ya kostiki soda kwa lita, tone baada ya tone huku akitikisa, mpaka rangi ya waridi itokee na kukaa kwa nusu dakika bila kufifia. Idadi ya mililita alizotumia ndiyo idadi ya gramu za ziada atakazoongeza kwa kila lita ya mafuta. Zikizidi tano hivi, ajue kwamba njia ya alkali pekee haitamfaa, na inambidi kwanza ayashughulikie mafuta hayo kwa asidi. Naongeza tahadhari moja ambayo sitaacha kuirudia: methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, mvuke wake hushika moto upesi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Si kazi ya kufanyia kwenye jiko la nyumbani.

Viwanda vikubwa hufuata njia nyingine ambako mafuta hukandamizwa pamoja na haidrojeni kwa joto kali, oksijeni iliyomo huondolewa, na kinachotoka hufanana kabisa na dizeli au mafuta ya ndege yatokanayo na mafuta yanayochimbwa ardhini. Njia hiyo iliidhinishwa kwa ndege za abiria mwaka 2011, kwa masharti kwamba mchanganyiko usizidi nusu kwa nusu na mafuta ya kawaida. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York kwa kibali maalumu ikitumia mafuta endelevu matupu, ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na mafuta taka.

Sasa tuje kwenye sukari. Soda ya kawaida ina takriban gramu 106 za sukari kwa lita. Hamira huigeuza glukosi kuwa ethanoli na kaboni dayoksaidi, na hata mambo yakienda vizuri kabisa uzito wa ethanoli haupiti asilimia 51 ya uzito wa glukosi, kwa hiyo lita moja ya soda haiwezi kutoa zaidi ya mililita 70 hivi za ethanoli. Hapo bado hujaitenga na maji. Kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke wenye ethanoli, kunakula joto jingi, na kadiri kimiminika kinavyokuwa chepesi ndivyo sehemu ya nishati inayopotea inavyokua. Zaidi ya hapo, ukeneke utakavyo, mvuke hukwama kwenye asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, na maji yaliyosalia hulazimu kuondolewa kwa chembe maalumu za madini zinazofyonza maji. Vinywaji vingi pia huwekwa sodiamu benzoati au potasiamu sobati, kemikali ambazo kazi yake ni kuzuia hamira isikue. Anayetia hamira kwenye soda bila kuizimua wala kurekebisha uchachu wake hushangaa kuona hakuna povu kwa siku kadhaa, ilhali kinywaji kinafanya kile kile kilichotengenezewa.

Maziwa nayo yana fundisho lake. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yana laktosi, sukari ambayo hamira ya mikate haiwezi kuichachusha. Inahitajika hamira ya jamii nyingine, inayoitwa Kluyveromyces. Nchini Ireland kiwanda cha Carbery kimekuwa kikitengeneza ethanoli kutokana na maji hayo tangu 1978, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Mikate iliyochacha na nafaka nazo zafaa, mradi wanga uvunjwe kwanza kwa vimeng'enya uwe sukari.

Yaliyobaki yote, yaani makombo yaliyochanganyika, yenye maji mengi, protini, mafuta kidogo na wanga, makao yake ni mtambo wa biogesi, yaani gesi yenye methani inayotengenezwa na vijidudu pasipo hewa. Mwanasayansi wa Kiitaliano Alessandro Volta aliikusanya gesi hii kutoka kwenye matope ya ziwa Maggiore mwaka 1776, na kinachofanyika ndani ya tangi leo ni kile kile kilichokuwa kikifanyika kwenye matope yale. Kundi la kwanza la bakteria huvunja wanga, protini na mafuta kuwa molekuli ndogo. Kundi la pili hugeuza molekuli hizo kuwa asidi. La tatu huzifikisha asidi hizo kwenye hali ya asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Na mwishoni vijidudu vya kale sana, visivyostahimili oksijeni, hutengeneza methani. Wale wa mwanzo wana haraka, hawa wa mwisho ni wa polepole na ni wepesi wa kuudhika. Karibu kila tatizo la mtambo wa makombo linatokana na pengo hilo la mwendo: chakula kikiingizwa kwa pupa, asidi huzalishwa kuliko inavyoliwa, pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, huenda chini ya 6.8, vijidudu vya methani hunyong'onyea, asidi huzidi, na mzunguko huo mbaya hujiendesha wenyewe mpaka tangi linyamaze.

Karibuni kwa hoja, maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa mada iliyopangika. Nina swali la msingi. Kama nishati imo kwenye makombo, kwa nini tusiyakaushe na kuyachoma moja kwa moja, tukaachana na bakteria wenye tabia ngumu? Jiko la kuchomea haliudhiki.

Mleta mada

Swali zuri, na jibu lake limo kwenye maji. Chukua tani moja ya makombo yenye asilimia 80 ya maji, hali iliyo ya kawaida. Kupasha kilo 800 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 na kisha kuzigeuza mvuke kunahitaji megajuli 2,070 hivi, sawa na kilowati-saa 575. Kilo 200 za kitu kikavu zinazobaki, tukikadiria megajuli 18 kwa kilo, zina megajuli 3,600. Zaidi ya nusu ya nishati yote imetumika kufukuza maji, na hapo nimechukulia kwamba hakuna joto linalopotea, jambo ambalo halitokei katika tanuri lolote. Biogesi haina gharama hiyo kwa sababu bakteria huyahitaji maji hayo hayo.

Tani hiyo hiyo katika mtambo unaoendeshwa vizuri hutoa mita za ujazo 100 hivi za biogesi, na mara nyingine zaidi. Ikiwa na methani ya asilimia 60, kila mita ya ujazo hubeba kilowati-saa 6 za joto, karibu sawa na lita 0.6 za dizeli. Ukiipeleka kwenye injini yenye ufanisi wa asilimia 35, utapata umeme wa kilowati-saa 210, na sehemu ya joto la injini itatosha kulipasha tangi lenyewe libaki kwenye nyuzi 37. Kuchoma kunafaa kwa vitu vikavu kama maganda ya kokwa na makapi ya nafaka. Kwa makombo ya mezani siwezi kukushauri.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingie kwa upande ambao naona umeguswa kwa juu juu. Chakula kililimwa ili kiliwe. Nina hofu ya dhati kwamba tukijenga mitambo mikubwa yenye mikopo ya kulipwa kwa miaka 15, mitambo hiyo itahitaji taka kila siku, na mwenye mtambo hatafurahi watu wakijifunza kutotupa. Chakula ambacho bado ni salama kingeweza kuwafikia wenye njaa, na kisichofaa kwa watu mara nyingi kinafaa kwa mifugo. Kukigeuza chakula cha namna hiyo kuwa umeme wa saa chache ni hasara inayovaa vazi la faida.

Mleta mada

Nakubaliana nawe kikamilifu, na nakushukuru kwa kuliweka wazi. Mpangilio unaotambuliwa katika sera za taka za nchi nyingi ndio huo: kwanza kuzuia taka isitokee, kisha kuwalisha watu, kisha mifugo pale sheria za afya zinaporuhusu, halafu ndipo nishati. Machicha ya nafaka kutoka viwanda vya bia ni mfano mzuri, kwa kuwa ni chakula bora cha ng'ombe, na kuyapeleka kwenye tangi la gesi wakati wafugaji wako jirani wanayahitaji si uamuzi wenye mantiki. Mtambo ukubaliwe kwa ajili ya yale yaliyoshindikana kwingine: maganda, mifupa, makombo ya sahani, bidhaa zilizoharibika.

Hofu yako ina ushahidi mwingine kwenye biashara ya mafuta yaliyokaangia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2018 kuhusu nishati jadidifu huyahesabu mafuta hayo kwa upendeleo kwa sababu ni taka, na upendeleo huo umeyapandisha thamani kiasi kwamba kumekuwapo tuhuma nzito za mafuta mapya ya mawese kuuzwa kama yaliyotumika. Hilo likitokea, msitu hukatwa mahali fulani ili mtu mwingine ajihesabie amepunguza gesijoto. Dawa yake ni kufuatilia kila pipa kutoka jikoni lilikotoka, na kupima kemia yake, maana mafuta yaliyokaangia kweli huacha alama za kuungua ambazo hazitokei kirahisi katika mafuta mapya.

Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi ya uendeshaji katika kituo cha biogesi kilichokuwa kikilishwa makombo ya mezani pekee, na ningependa kuongezea jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawakutuambia. Miezi ya mwanzo gesi ilikuwa nzuri mno, tukafurahi. Baadaye, bila kubadilisha chochote katika ulishaji, asidi ya propioniki, moja ya zile asidi zinazotangulia methani, ilianza kujikusanya kidogo kidogo. Harufu ya tangi ikabadilika ikawa kali yenye kuchoma pua, povu likapanda hadi kwenye bomba la gesi, na methani ikashuka. Tulipunguza ulishaji, asidi ikatulia. Tuliporejea kiwango cha awali, ikarudi. Wasimamizi waliwalaumu vijana wa zamu, ilhali walikuwa wakifuata maelekezo neno kwa neno.

Sababu niliijua baada ya kusoma. Makombo yana protini nyingi, protini hutoa amonia, na amonia ikizidi huwadhoofisha vijidudu vinavyotengeneza methani kutokana na asidi ya siki. Kazi huhamia kwa vile vinavyotumia haidrojeni, na vimeng'enya vya hivi vinahitaji seleniamu, kobalti, nikeli na madini mengine ya kiasi kidogo sana, ambayo makombo ya mezani hayana ya kutosha. Samadi ya ng'ombe inayo. Kwa hiyo ama uchanganye samadi au majitaka, ama uongeze madini hayo kwa vipimo vya miligramu. Sisi tuliokolewa na samadi.

Mleta mada

Mchango huu ndio niliokuwa nautamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walieleza tatizo hilo hilo kuhusu seleniamu na kobalti katika mitambo ya makombo, na linaonyesha kwa nini kuchanganya taka ni bora kuliko kuishi na aina moja. Bakteria wanapenda kaboni iwe mara 20 hadi 30 ya naitrojeni, na makombo yenye nyama nyingi hayafiki hapo. Mjini Oakland, California, mtambo wa kusafisha majitaka ulianza kupokea taka za viwanda vya chakula na mabaki ya mikahawa kwenye matangi yake yaliyokuwa na nafasi, na kufikia 2012 ulikuwa ukizalisha umeme mwingi kuliko unaoutumia. Matangi yalikuwapo, wataalamu walikuwapo, tope lenye madini lilikuwapo. Kilichoongezwa ni chakula. Mtu akiniuliza mahali pa kwanza pa kutazama kabla ya kujenga kitu kipya, humwelekeza huko.

Mchangiaji wa nne

Mimi niko upande wa vinywaji. Ghala hukusanya maelfu ya chupa na makopo ya juisi, bia na soda zilizopitwa na muda, na kwa sasa hulipiwa ili ziteketezwe. Kwa hesabu uliyotoa ya mililita 70 kwa lita, je, kuna haja ya kujisumbua na ethanoli? Na vifungashio tuvifanyeje?

Mleta mada

Tufanye hesabu pamoja. Mililita 70 za ethanoli zina megajuli 1.5 hivi. Sukari ile ile ya gramu 106 ikipelekwa kwenye mtambo wa biogesi, kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi wa majitaka kwamba kila kilo moja ya oksijeni ambayo taka ingehitaji ili ioksidike hutoa lita 350 za methani, itatoa lita 41 hivi za methani, ambazo nazo zina megajuli 1.5. Nishati ni sawa, lakini methani hujitenga yenyewe na maji kwa kupanda juu kama mapovu, wakati ethanoli inakudai kuni au umeme wa kukeneka. Kwa vinywaji vyepesi namna hiyo, kama shabaha yako ni joto na umeme wa hapo hapo, biogesi inashinda. Ethanoli ina heshima yake pale unapotaka mafuta ya kubeba kwenye pipa, au pale unapoweza kuitumia soda badala ya maji kulowanishia taka yenye wanga mwingi, kama mikate, ili mchachuko wako ufike asilimia 10 au zaidi ya ethanoli kabla ya kukeneka.

Bia ina mfano unaojulikana. Baa zilipofungwa Australia mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, bia iliyochacha ilipelekwa kwenye mtambo wa majitaka wa Glenelg, Adelaide, ikachanganywa na tope, na umeme wa mtambo ukaongezeka sana. Angalia kwamba hawakuijaza bia tupu. Kinywaji kitupu kina sukari au alkoholi nyingi, naitrojeni kidogo, na hakina alkali ya kuzuia pH isishuke. Kikiingizwa kwa ghafla asidi hupanda ndani ya saa chache. Kiingizwe kidogo kidogo mchana kutwa, kwa pampu, na pH ipimwe.

Kuhusu vifungashio, zipo mashine zinazopasua chupa na makopo, kukamua kimiminika na kusukuma plastiki na bati upande mwingine. Chagua inayokamua kwa shinikizo kuliko inayosaga kwa nyundo, kwa maana plastiki iliyosagwa hupita kwenye chujio, huingia kwenye tangi, na mwisho hufika shambani ndani ya mbolea. Plastiki ikishaingia kwenye udongo hakuna wa kuiokota. Bati safi la alumini lina thamani yake kwa wanaoyeyusha chuma chakavu, na mara nyingine hilo ndilo linalolipa mshahara wa mwendesha mashine.

Mchangiaji wa tano

Naomba kuuliza jambo ambalo sijaliona bado. Umesema methani ina madhara makubwa. Je, mtambo wenyewe ukivuja?

Mleta mada

Ukivuja, unaharibu sababu ya kuwapo kwake, na napenda tulitazame kwa namba. Mita za ujazo 100 za biogesi tulizozitaja zina mita 60 za methani, uzito wa kilo 43. Tuseme asilimia 5 inavuja kupitia kifuniko, valvu na tangi la tope lisilofunikwa. Hizo ni kilo 2 na ushei za methani, zilizo sawa na kilo 58 za kaboni dayoksaidi. Gesi yote hiyo ingechukua nafasi ya lita 60 za dizeli, ambazo zikichomwa hutoa kilo 160. Zaidi ya theluthi ya faida ya kuachana na dizeli imetoweka kwa uvujaji ambao macho hayauoni. Bado kuna faida ya kuepuka dampo, sikatai, lakini hesabu iliyopambwa bila kutaja uvujaji ni hesabu isiyokamilika.

Mahali panaposahaulika zaidi ni tangi la mwisho, lile la kuhifadhia tope. Tope likitoka kwenye tangi kuu bado lina uhai, na huendelea kutoa gesi kwa wiki kadhaa. Lifunikwe, na gesi yake iunganishwe na bomba kuu. Uwepo pia mwenge wa kuchomea gesi siku injini inapokuwa kwenye matengenezo, kwa sababu kuichoma bila faida ni bora mara nyingi kuliko kuiachia. Na kwa ajili ya uhai wa watu: gesi ghafi ina salfaidi ya haidrojeni, ambayo kwa viwango vya juu hupumbaza pua, ukadhani imekwisha kumbe imezidi. Hula chuma cha injini na huua mtu ndani ya shimo. Ipitishwe kwenye vipande vya chuma chenye kutu ili ikamatwe, na asiingie mtu kwenye tangi bila kipimo cha hewa na mwenzake wa kumwangalia nje.

Mchangiaji wa pili

Nimeridhika na jibu la awali. Na hilo tope lenyewe, lina kazi gani? Isije ikawa tumeondoa taka moja tukazalisha nyingine.

Mleta mada

Tope ndilo lililobeba karibu naitrojeni, fosforasi na potasiamu zote zilizoingia, maana gesi huondoka hasa na kaboni, haidrojeni na oksijeni, pamoja na salfa kidogo. Sehemu kubwa ya naitrojeni imeshakuwa amonia, ambayo mmea huichukua upesi, lakini pia hupaa upesi. Kwa hiyo limwagwe karibu na udongo au ndani yake, si kurushwa hewani, na liwekwe wakati mmea unahitaji. Chumvi ya makombo hubaki humo, hivyo udongo wa maeneo makavu upimwe kila msimu. Kwa taka zenye nyama, sheria za Umoja wa Ulaya hutaka zipashwe hadi nyuzi 70 kwa saa nzima zikiwa zimekatwa vipande visivyozidi milimita 12, ili vimelea vya magonjwa vife. Sioni sababu ya mahali pengine popote kujiridhisha na chini ya hapo.

Yote hayo yanategemea taka kutengwa kule inakozaliwa. Korea Kusini ilipiga marufuku kuzika taka za chakula mwaka 2005, kisha 2013 ikaanza kuwatoza watu kulingana na kiasi wanachotupa, na leo sehemu kubwa mno ya taka hizo huwa chakula cha mifugo, mbolea au gesi. Umoja wa Ulaya uliagiza taka oza zikusanywe peke yake kufikia mwisho wa 2023. Mitambo ya nchi hizo haina siri ambayo wengine hawaijui. Inalishwa kitu kisafi.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeshawishika, mkuu. Swali langu la mwisho ni la kiutendaji: tukishapima taka na kuridhika kwamba biogesi ndiyo njia yetu, siku ya kwanza tangi likiwa tupu tunaanzaje?

Mleta mada

Msianze na makombo. Jazeni tangi kwa tope hai kutoka kwenye mtambo mwingine unaofanya kazi, au kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji, kisha mlifunge na kulipasha taratibu hadi nyuzi 37. Gesi ya mwanzo itakuwa na kaboni dayoksaidi nyingi na hewa iliyobaki tangini, haitawaka vizuri, na msijaribu kuiwasha karibu na tangi kwa sababu methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Ikishaanza kuwaka kwa mwali wa bluu uliotulia kwenye kichomeo cha majaribio kilicho mbali, chenye kizuia moto kwenye bomba lake, anzeni kulisha makombo yaliyosagwa, kwa kiwango cha kilo nusu ya kitu kikavu kinachooza kwa kila mita ya ujazo ya tangi kwa siku. Kaeni hapo wiki mbili. Kila asubuhi pimeni pH, na kila baada ya siku chache pimeni uwiano wa asidi kwa alkali, kwa sababu uwiano huo hupanda siku kadhaa kabla pH haijashuka na ndio utakaowapa nafasi ya kupunguza ulishaji mapema. Ukibaki chini ya 0.3, ongezeni kidogo; ukipita 0.4, rudini nyuma na msubiri. Kufikia kilo mbili au tatu kwa mita ya ujazo huchukua miezi mitatu hivi, na anayewaahidi muda mfupi zaidi mwombeni aweke ahadi hiyo kwenye mkataba.